Mashauri ya Nyumbani: Skuta Isiyotaka Kuwaka Asubuhi ya Baridi



Mwezi wa Juni ukiisha kuingia, wenzetu wakaao Njombe, Makete na Mbeya, na wale wa Limuru na Kinangop katika nchi ya Kenya, huanza kusikia sauti ile ile kila alfajiri. Skuta yakoroma, yakohoa, yanyamaza. Mwenyewe hupiga kiki hata jasho likamtoka katikati ya baridi. Watoto huitwa waje wasukume. Mama naye husimama mlangoni na shuka mabegani, akingoja kupelekwa kazini. Hata ifikapo saa nne, jua likiwa limepanda, skuta hiyo hiyo huwaka mara moja, kana kwamba haikuwa na neno. Ndipo mwenyewe husema, "Kumbe ni baridi tu," akasahau mpaka kesho yake.

Neno hilo "baridi tu" ndilo tutakalolipima mwezi huu, maana limewapotezea watu wengi fedha zao. Skuta iliyo nzima huwaka hata Ulaya, asubuhi ambayo barafu imetanda juu ya nyasi. Kwa hiyo yafaa tujue ya kuwa, mara nyingi, baridi haileti ugonjwa. Huufichua tu ule uliokuwamo tangu siku za joto, ukajificha. Betri iliyochoka, choki iliyokwama, valvu iliyobana: hizo zote huvumilika wakati wa joto, lakini baridi huzitoa hadharani. Tena ugonjwa ulioachwa hauponi wenyewe. Siku moja skuta itakataa kuwaka hata saa nne. Na labda siku hiyo ndiyo mtoto atakayokuwa na homa kali, na zahanati iko mbali.

INJINI YATAKA NINI?

Injini ya petroli yataka mambo matatu ili iwake. La kwanza ni petroli iliyogeuka mvuke na kuchanganyika na hewa kwa kadiri yake. La pili ni cheche yenye nguvu itokayo katika plagi. La tatu ni mchanganyiko huo ushindiliwe barabara ndani ya silinda. Maana ni kama baruti ya gobori, isiposhindiliwa hailii. Na ili hayo matatu yakutane, sharti injini izungushwe kwa wepesi, ama kwa kiki, ama kwa starta ya umeme.

Sasa tazameni jinsi baridi inavyoyagusa yote. Kinachowaka si maji ya petroli, bali ni mvuke wake. Asubuhi ya baridi petroli hugeuka mvuke kwa shida, kama vile nguo zilizoanikwa penye ukungu zisivyokauka. Nyingine hushika kuta za bomba la kuingilia hewa, ikabaki maji pale pale. Kwa hiyo injini yenye baridi hutaka petroli nyingi zaidi kuliko iliyo moto, na hiyo ndiyo sababu ya kuwekwa choki.

Betri nayo hufanya kazi kwa risasi na asidi, na baridi hulegeza kazi hiyo. Betri ipatapo baridi ya digrii 0 hupoteza sehemu moja katika tano, au zaidi, ya uwezo iliokuwa nao katika joto la digrii 25. Oili ya injini nayo huwa nzito. Aliyepata kuchukua mafuta ya nazi kutoka pwani akayafikisha Makete anajua habari hii: huko Tanga yalimiminika kama maji, huku yamekuwa kama nta. Oili haigandi hivyo, lakini uzito wake huongezeka, na starta huchoka kuizungusha injini. Basi tunaona ya kuwa injini hudai zaidi saa ile ile ambayo betri ina uwezo mdogo zaidi wa kuipa.

Liko jambo jingine ambalo watu wa milimani hawana budi kulijua. Njombe iko juu ya bahari karibu mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, kama sehemu nne katika tano za hewa ya Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli kwa kadiri ya hewa ya pwani. Ikipandishwa Njombe, petroli huzidi na hewa hupungua. Hivyo baridi yasema, "Ongeza petroli," na kimo chasema, "Punguza petroli." Mtu anayebahatisha, tena ahangaike vipi, atawezaje kujua ni lipi linalomsumbua? Skuta mbili zaweza kukohoa sauti moja, nazo zina magonjwa yasiyofanana kabisa. Hapa ndipo utaratibu unaposhinda nguvu.

KWANZA IJUE SKUTA YAKO

Skuta ni za namna mbili. Ziko zenye gia za mkono, kama zile Vespa za zamani, ambazo kiwanda cha Piaggio kilianza kuzitengeneza huko Pontedera, Italia, mwaka 1946. Hizo, betri ikiisha, zaweza kusukumwa zikawaka, gia ikiwa imeingizwa. Na ziko hizi za siku hizi zisizo na gia, zinazokwenda kwa mkanda. Klachi yake haishiki mpaka injini iwe inazunguka. Basi gurudumu likizungushwa, injini haina habari. Skuta ya namna hii watoto wakiisukuma kutoka Njombe mpaka Makambako, haitawaka. Waacheni watoto wanywe uji wao.

PILI, ANZA NA YASIYO NA GHARAMA

Petroli imo? Swichi ya kuzimia injini imerudishwa mahali pake? Stendi ya pembeni imeinuliwa? Skuta nyingi huzuia umeme ikiwa stendi iko chini. Na breki umeishika? Skuta zisizo na gia aghalabu hazikubali starta mpaka breki ishikwe, na swichi ndogo iliyo penye breki huharibika kwa maji na vumbi. Tazama kama taa ya nyuma huwaka unaposhika breki. Ikiwa haiwaki, jaribu breki ya mkono wa pili. Mambo haya yaonekana madogo, lakini wako waliokwisha kununua starta mpya kwa sababu ya stendi.

TATU, SIKILIZA

Bonyeza starta, usizidi muda wa kuhesabu tano, kisha uipumzishe kidogo kabla ya kubonyeza tena. Ikizunguka kwa uvivu, au ikilia "tik, tik" tu, ugonjwa uko upande wa umeme. Ikizunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki, betri si ya kulaumiwa. Nenda kwenye sehemu ya nne.

Mwenye mita ya umeme na apime betri baada ya skuta kulala usiku. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12.4 imepungua, ikiwa chini ya 12 ni kama tupu. Kisha mtu mwingine abonyeze starta wewe ukitazama mita: ikianguka sana chini ya 10, betri ni dhaifu, au haikujazwa. Asiye na mita ana kipimo kingine: apige kiki, kama skuta inayo. Ikiwaka upesi kwa kiki na kukataa kwa starta, dalili zaelekea kwenye betri, starta, au waya zake.

Kabla ya kununua betri, tazama vichwa vyake. Ungaunga mweupe au wa kijani huzuia umeme usipite. Fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya; safisha kwa maji yaliyotiwa magadi soda, kausha, ukaze, ukianza na chanya. Tena uulize mwendo wako wa kila siku. Mwalimu aendaye kilometa moja kutoka nyumbani mpaka shuleni, akazima, hairudishii betri kile alichokitumia kuwashia. Ni kama ghala litolewalo vibaba viwili kila siku na kurudishiwa kimoja. Mara moja kwa juma na aende safari ndefu kidogo, au aipeleke betri ikajazwe.

NNE, PLAGI NDIYO SHAHIDI

Skuta ikiwa imezungushwa mara kadhaa isiwake, toa plagi uitazame. Itakuambia mengi kuliko jirani kumi.

Plagi ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Katika skuta nyingi bomba la petroli hufunguliwa na mvuto wa injini yenyewe. Skuta ikikaa siku nyingi, petroli iliyo ndani ya kabureta hukauka, na lazima injini izungushwe muda mrefu kabla haijajaa tena. Hilo si ugonjwa. Lakini ikiwa ni kavu kila asubuhi, tazama chujio la petroli, mpira wa mvuto uliopasuka, na choki, ambayo tutaieleza.

Plagi ikiwa bichi na yanuka petroli, basi petroli yafika lakini haiwaki. Ama hakuna cheche, ama petroli imezidi mpaka injini imezama. Pangusa kwanza petroli yote iliyomwagika, usogee mbali na tundu la plagi, uirudishe plagi katika waya wake, uigusishe vizuri na chuma cha injini, usiishike kwa mkono mtupu. Kisha mwenzio abonyeze starta. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Nyekundu na hafifu ni mbaya. Nafasi iliyo katika ncha za plagi mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, na kitabu cha skuta hutaja kipimo chake hasa. Cheche ikiwa njema, ikaushe plagi, uirudishe, uiache choki, ufungue mpini wa mafuta mpaka mwisho, ubonyeze starta kwa hesabu ya tano. Hewa nyingi itaingia na kuikausha silinda.

Plagi ikiwa nyeusi kama masizi ya chungu, petroli imezidi siku nyingi. Tazama chujio la hewa kama limejaa vumbi. Tazama choki kama imekwama wazi. Na ikiwa skuta imenunuliwa pwani ikaletwa milimani, mwambie fundi atie katika kabureta jeti yenye kitundu kidogo zaidi. Skuta za siku hizi zinazopuliza petroli kwa kompyuta, nyingi hujirekebisha zenyewe kwa kimo.

TANO, CHOKI

Choki ya mkono huvutwa yote kabla ya kuwasha injini yenye baridi, wala mpini wa mafuta usiguswe. Wengi huvuta choki kisha huzungusha mpini kwa pupa. Kufanya hivyo ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, maana mpini ukifunguliwa mvuto unaoleta petroli ya ziada hupungua. Injini ikiwaka, irudishe choki kidogo kidogo katika muda wa dakika moja au mbili.

Skuta nyingi zisizo na gia zina choki inayojiendesha. Ni kidubwana kilicho ubavuni mwa kabureta, chenye waya mbili. Ndani yake imo nta. Umeme huipasha moto, nta hufura, husukuma kisindano, na njia ya petroli ya ziada hufungwa. Kikiwa baridi, kisindano sharti kiwe kimerudi ndani. Fundi akikitoa na kukiunga na betri ya volti 12, kisindano kitasogea nje pole pole, na baada ya dakika tano hivi kitakuwa kimefika. Kisiposogea kamwe, kimekufa. Kikikwama nje, skuta itataabika kila asubuhi na kwenda vizuri mchana: ndiyo ile "baridi tu" tuliyoitaja. Kikikwama ndani, itawaka asubuhi lakini itatoa moshi mweusi na kula petroli mchana kutwa.

Skuta yenye kompyuta haina choki ya kuvutwa. Fungua ufunguo, usibonyeze upesi. Sikiliza kwanza pampu ya petroli ikivuma kwa sekunde mbili hivi. Isipovuma, tazama fyuzi kabla ya jambo jingine.

SITA, PETROLI NA OILI

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo viwakavyo upesi katika baridi, navyo ndivyo vitorokavyo kwanza. Petroli iliyokaa miezi katika dumu lisilofungwa vema bado ni petroli kwa macho na kwa harufu, lakini alfajiri haifai. Tena tangi likiachwa nusu, unyevu wa hewa ya ndani huganda usiku ukawa maji. Fungua parafujo iliyo chini ya kabureta, uikinge petroli kwa chupa ya kioo, uiache itulie. Maji yatakaa chini na petroli juu.

Kwa habari ya oili, soma tarakimu za kopo. Ile ya kwanza, iliyo kabla ya herufi W, huonyesha tabia yake katika baridi. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo oili ilivyo nyepesi asubuhi. Oili ya 20W-50 yawafaa wengi wa nchi za joto, lakini Makete mwezi wa Julai 10W-40 itaizungusha injini kwa wepesi zaidi, ikiwa kitabu cha skuta chairuhusu.

SABA, VALVU

Ikiwa betri ni nzima, cheche ni njema, petroli ni safi na choki yafanya kazi, bado skuta haitaki kuwaka mpaka jua lipande, mwambie fundi apime nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ni ndogo sana, katika skuta nyingi karibu milimita 0.1, nayo huweza kupungua kwa kutumika. Ikiisha, valvu haifungi barabara, na kile kinachopasa kushindiliwa huvuja. Kazi yenyewe ni kurekebisha tu, haihitaji kununua kitu. Lakini ikiachwa, valvu huungua, na gharama yake ni nyingine kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Zile skuta za zamani zinazochanganyiwa oili na petroli hazina valvu hizi. Kwazo atazame ringi za pistoni.

HATARI MBILI

Watu wengi hulaza skuta ndani ya nyumba kwa kuogopa wevi. Si vibaya, lakini msiiwashe humo, wala kuiacha ikipata moto humo, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na usingizi, kisha mauti. Na watoto waliolala chumba cha pili hawatajua. Isukumeni nje kwanza, ndipo muiwashe.

Tena asiwepo mtu wa kuweka jiko la makaa chini ya injini ili kuipasha moto, wala kuitazama kabureta kwa mshumaa au kibatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni na kuufuata moto mahali usipodhania.

UKIENDA KWA FUNDI

Chukua daftari la shule uandike: siku gani ilikataa, ilizungushwa mara ngapi, plagi ilikuwa na hali gani, betri ilipima ngapi, na kitu gani kilibadilishwa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu skuta ikawaka, hutajua ni kipi kilichoiponya, na viwili umevilipa bure. Mtu akimwambia fundi, "Fundi, skuta haiwaki," atajibiwa, "Mwalimu, lete kabureta mpya." Lakini akisema, "Fundi, betri ina 12.6, cheche ni ya buluu, plagi ni kavu kila asubuhi, na mchana haina neno," fundi mwenye akili ataiacha kabureta mahali pake, akianza na kile kidubwana chenye nta. Bei ya kimoja na bei ya kingine hazilingani, na tofauti yake ni madaftari ya watoto.

Basi leo jioni, kabla ya giza, jazeni tangi, pangusani vichwa vya betri, laleni na skuta mahali pasipo umande. Kesho alfajiri, isipowaka, msiipige kiki kwa hasira. Toeni plagi mwisikilize.